Bunduki Iliyosema Sifuri

1

Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi, na Desderia Kauzeni akadhani amekosea bunduki.

Alikigeuza karibu na dirisha la ghala la silaha. Vumbi la njia ya doria huwa jekundu na hukwaruza vidole. Haya yalikuwa masizi laini ya baruti, na ndani yake mlikuwa na mng'ao mwembamba wa shaba iliyoachwa na risasi. Akanusa mdomo wa mtutu. Ilikuwa harufu aliyoijua tangu mafunzoni, chungu kidogo, kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi.

"Meza," akasema, "soma tena namba kumi na saba."

Meza ya huduma iliwasha taa yake ya kijani. "Bunduki kumi na saba. Mbebaji, Gaudensi Malambo. Risasi zilizopigwa tangu usafi uliopita: sifuri. Risasi kwenye magazini: ishirini. Shahidi: mzima. Endelea na hatua ya tano."

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, na hiyo ilikuwa bunduki ya sita kati ya thelathini na nane. Kwa miaka tisa Desderia alikuwa mtunza silaha wa Hifadhi ya Ilungwe, na kila Ijumaa alifanya yale yale: kutoa magazini, kuvuta komeo nyuma mara mbili, kuchungulia chemba na kuingiza kidole kidogo ahakikishe hamna kitu, kisha brashi ya shaba kutoka nyuma kwenda mbele, kisha kitambaa chenye dawa, kisha kikavu, kisha mafuta. Ijumaa iliyopita bunduki hii hii aliisafisha yeye mwenyewe mpaka kitambaa cha mwisho kikatoka cheupe.

Akachukua magazini. Tangu Sheria ya Bunduki Shahidi ipite, miaka kumi na miwili nyuma, hakuna aliyekuwa akihesabu risasi kwa vidole. Kulikuwa na haja gani? Ndani ya kitako cha kila bunduki ya serikali kilizikwa kidude kidogo kama punje ya harage, na watu wakakiita shahidi. Kila risasi iliyotoka, shahidi aliusikia mshtuko wake, akaandika saa, mahali na kiganja cha aliyeshika. Neno lake lilikwenda moja kwa moja mahakamani, na sheria ilisema binadamu hawezi kulipinga.

Desderia akazisukuma risasi moja moja juu ya kitambaa. Kumi na tisa. Akazirudia. Kumi na tisa.

"Meza, andika: risasi kumi na tisa."

"Shahidi anasema ishirini. Tafadhali sahihisha hesabu yako."

"Nimehesabu mara mbili. Andika maoni."

"Hakuna sehemu ya maoni katika hatua ya tano."

"Ni hatua gani ina sehemu ya maoni?"

"Hakuna hatua yenye sehemu ya maoni. Endelea na hatua ya tano."

Alitamani kuipiga teke. Badala yake akapiga simu ya ndani, na baada ya dakika kumi mkuu wa kituo, Afande Wolfram Mdegela, akaingia akiwa na kikombe cha chai mkononi na uso wa mtu aliyekatishwa jambo.

"Haya, nini tena?"

Desderia akamwonyesha kitambaa. Akamwonyesha risasi. Mdegela akavitazama kwa mbali, kama anayeonyeshwa mboga asiyotaka kununua.

"Vumbi hilo."

"Nusa, Afande."

"Sinusi bunduki mimi. Risasi nani alizijaza?"

"Mimi, Ijumaa iliyopita."

"Ulizihesabu?"

Desderia akaitazama meza. Hakuzihesabu. Meza ndiyo iliyohesabu.

"Basi ulijaza kumi na tisa," Mdegela akasema. "Dada Desderia, sikiliza. Tuna kesi. Yule mrina asali aliyekufa Jumanne kule kijito cha Ntuntwa, unajua maneno yaliyosemwa kijijini? Kwamba ni sisi. Jana mashahidi wote thelathini na nane wameulizwa, wote wamesema sifuri. Mahakama imepokea, polisi wanaye mtu wao, alikutwa na gobore. Jumatatu kesi inasikilizwa na inaisha. Sasa wewe unaniletea kitambaa."

"Gaudensi alikuwa doria upande gani Jumanne?"

Mdegela aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu mzima mwenye macho yaliyochoka, aliyewazika askari wake wanne kabla sheria haijaja, na Desderia hakuwahi kumwona akisema uongo. Hata sasa hakuusema. Alisema tu, "Isafishe. Funga kazi," akatoka.

Meza ikawasha taa ya njano. "Usafi wa namba kumi na saba umesimama. Muda uliobaki kabla ya taarifa ya uzembe: saa hamsini na tatu."

Desderia alishika chupa ya dawa ya kusafishia. Vitambaa viwili vingine, labda vitatu, na mtutu ungekuwa mweupe ndani, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kujua. Akaifunga chupa. Akairudisha bunduki kwenye rafu yake na uchafu wake, akaendelea na namba kumi na nane.

2

Alimkuta Gaudensi mchana ule mbele ya nyumba yake katika mstari wa nyumba za askari, ameketi kwenye kigoda, anashona kisigino cha buti. Mkewe Yasinta alikuwa amekwenda kisimani.

Walikuwa kundi moja la mafunzo. Miaka tisa iliyopita, Desderia alipovunjwa nyonga na nyati, ni Gaudensi aliyembeba mgongoni kilomita kumi na moja mpaka barabarani, akimwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya ili asizimie. Nyonga ile ndiyo iliyomtoa kwenye doria na kumweka ghalani. Kwa hiyo hakujua aanzie wapi, na alipoanza, ilitoka kama amri.

"Kumi na saba imepiga risasi."

Sindano ilisimama. Gaudensi hakushtuka. Aliinua uso taratibu, na Desderia akaona kwamba hajalala siku nyingi.

"Hatimaye," akasema.

"Hatimaye nini?"

"Hatimaye kuna mtu ameniuliza."

Akasimulia macho yake yakiwa kwenye buti. Alikuwa peke yake. Tangu bunduki ziwe mashahidi, doria za wawili wawili zilifutwa. Jumanne, jua halijapanda sawasawa, aliona moshi ndani ya mpaka wa hifadhi, na watu wawili, mmoja na gobore begani. Akawapigia kelele wasimame. Mwenye gobore akakimbia. Yule mwingine akageuka ghafla, na mkononi alikuwa na kitu kirefu kinachotoa moshi.

"Nikapiga. Moja tu. Nikaenda pale nimemnyooshea bunduki bado. Kilikuwa kienge, Desi. Kienge cha kufukuzia nyuki. Na ndoo ya asali imemwagika. Alikuwa ameshakufa."

"Ukafanya nini?"

"Nikamfunika uso kwa kofia yake. Nikakaa. Nilijua bunduki imeshasema. Nilijua makao makuu wameshajua, wewe umeshajua, hakimu ameshajua. Nikasema hawa watakuja kunichukua, ngoja nirudi kituoni nisiwape kazi ya kunitafuta. Nikatembea siku mbili. Jana nikaiweka bunduki dirishani kwako, nikasimama. Unakumbuka nilisimama?"

Alikumbuka. Alidhani anasubiri kusaini.

"Meza ikasema sifuri. Ukaniambia, 'Pole na safari.'"

"Na wewe ukaenda nyumbani."

"Nikaenda nyumbani." Alitupa buti chini. "Miaka kumi na miwili tumezoea bunduki itusemee. Nimesubiri inisemee. Haikusema. Sasa kila saa inayopita, kufungua mdomo kunazidi kuwa kugumu. Ningesema nini, kwamba shahidi ni mwongo? Wangenipeleka kwa daktari wa akili."

"Kuna mtu ndani, Gaudensi. Yule wa gobore."

"Najua. Shigela Ntobi. Unadhani silijui jina lake?"

Yasinta alikuwa anakuja na ndoo kichwani. Gaudensi akaokota buti, akaanza kushona tena, na Desderia akaondoka bila kuaga, amekasirika kiasi kwamba nyonga ilimuuma kila hatua. Alimkasirikia Gaudensi. Alijikasirikia pia, maana alikuwa amesimama dirishani siku ile, uso kwa uso na mtu anayetaka kukiri, na alikuwa anatazama taa ya kijani.

3

Jumamosi aliifungua kumi na saba mpaka mwisho.

Chini ya mtutu, pale unapokutana na kitako, kulikuwa na ulimi wa chuma mwembamba kama ukucha. Mshtuko wa risasi hupita kwenye ulimi huo kumfikia shahidi. Desderia aliupitishia ukucha wake, na ukucha ukateleza. Ulimi ulikuwa umefunikwa na utando wa rangi ya kahawia, mgumu, uliokauka kama gamba la gundi. Shahidi alikuwa mzima, saa yake ilikwenda sawa, betri yake ilijaa. Lakini alikuwa amezibwa masikio.

Akakwangua kidogo, akanusa. Akavuta kigoda, akakaa.

Yalikuwa mafuta ya cherehani. Mafuta maalumu ya bunduki yaliisha miezi kumi iliyopita. Aliomba mengine mara saba, na mara ya nane bwana mmoja wa makao makuu akamwambia kwa simu, bila kuandika popote, "Mama, tumia mbadala, kwani mafuta si mafuta?" Akatumia mbadala. Kila Ijumaa, tone moja juu na tone moja chini, na jua la porini likaukaanga utando ule tone baada ya tone.

Zamani kulikuwa na kipimo: unagonga mtutu kwa nyundo ya mpira, shahidi anaandika "mshtuko mdogo." Makao makuu walikifuta kwenye orodha miaka miwili nyuma ili kuokoa muda. Desderia akaitafuta nyundo, akaikuta nyuma ya kabati, akazigonga bunduki zote zilizokuwamo, na zilizorudi mchana akazigonga pia. Bunduki kumi na moja hazikusikia kitu.

Kumi na moja! Na hapo ni Ilungwe tu. Hifadhi ngapi nyingine ziliambiwa mafuta ni mafuta?

Alipiga simu Idara ya Mashahidi kule makao makuu. Sauti laini ikamwambia aseme moja kama bunduki imepiga kwa bahati mbaya, mbili kama shahidi amezimika, tatu kama kiganja hakisomeki.

"Shahidi ni mzima lakini hasikii," Desderia akasema.

"Samahani, sijaelewa. Sema moja kama bunduki imepiga kwa bahati mbaya."

Alisema moja, alisema mbili, alisema tatu, alisema neno ambalo mama yake asingependa kulisikia. Baada ya saa nzima akapata mtu, Mhandisi Kamuhabwa, mwenye sauti ya kijana aliyesoma sana. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha, na hilo ndilo lililomtia Desderia wasiwasi.

"Nani alikuruhusu kutumia mafuta ya cherehani?" akauliza.

"Ninyi."

"Kwa maandishi?"

"Kwa simu."

"Sisi hatuna simu hiyo kwenye kumbukumbu, mama. Kilichopo ni kwamba umeharibu vifaa kumi na moja vya serikali." Akashusha sauti, na sasa hakuwa mkali, alikuwa anaogopa. "Niseme kitu. Watu zaidi ya elfu moja wamehukumiwa au kuachiwa kwa maneno ya mashahidi hawa. Majangili wenye damu wamefungwa. Askari waliosingiziwa wamerudi kwa watoto wao. Ukisimama mahakamani ukasema shahidi anaweza kuwa kiziwi, wote hao wanafunguliwa upya. Wote. Unaijua nchi ilivyokuwa kabla?"

"Naijua."

"Basi isafishe hiyo bunduki, mama. Kwa dawa sahihi. Ulimi na mtutu. Nitakutumia mafuta Jumanne, nakuahidi."

Mafuta aliyoyaomba miezi kumi sasa yangekuja Jumanne. Desderia akakata simu, akacheka kicheko kifupi kilichomuumiza kifua.

4

Aliijua nchi ilivyokuwa kabla kuliko mhandisi yule. Kaka yake Fulgensi alikuwa askari wa wanyamapori. Mtu mmoja aliokotwa amekufa, majirani wawili wakaapa wamemwona Fulgensi akipiga, na Fulgensi akakaa gerezani miaka sita kwa risasi iliyotoka kwenye bunduki ya mtu mwingine. Desderia alikuwa miongoni mwa waliozunguka na karatasi za sahihi, soko kwa soko, wakidai sheria ya bunduki zinazosema zenyewe. Ilipopita, alilia barabarani mbele za watu.

Jumapili baada ya misa alimpigia. Fulgensi siku hizi alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu wa maneno machache.

Akamweleza yote. Upande wa pili kulikuwa na kelele za watoto, kisha mlango ukafungwa, kelele zikaisha.

"Huyo Shigela ana watu wake?" Fulgensi akauliza.

"Nadhani. Sijui."

"Wewe ulinitetea kwa sababu sikupiga, au kwa sababu mimi ni kaka yako?"

"Kaka, nikisema, sheria yenyewe inakufa. Ile tuliyoitafuta kwa ajili yako. Kesho mtu yeyote atasimama aape uongo kama walivyokuapia wewe."

"Labda."

"Sasa unaniambia nini?"

"Sikwambii kitu. Nimekuuliza swali hujanijibu." Akakohoa. "Mwaka wa kwanza kule ndani ndio mbaya. Mtu bado anasikiliza mlango."

Alirudi ghalani saa nane mchana kutazama meza ikitimiza ahadi yake. Taa ikawa nyekundu. "Taarifa ya uzembe imetumwa makao makuu. Mhusika: Desderia Kauzeni. Kosa: kutosafisha silaha." Katika miaka tisa hakuwahi kupata hata onyo. Akaitazama kumi na saba kwenye rafu. Aliichukia, lakini hakuigusa.

5

Jumatatu saa moja asubuhi Gaudensi alisimama dirishani amevaa sare iliyopigwa pasi.

"Nipe kumi na saba."

Desderia hakusogea. "Unakwenda doria?"

"Nipe, Desi."

Alikuwa na haki ya kuichukua; ilikuwa bunduki yake na zamu yake. Angeweza kuingia nayo porini akaitumbukiza mtoni. Angeweza kufanya jambo baya zaidi. Desderia alimtazama usoni, akatafuta yule mtu aliyeimba vibaya kilomita kumi na moja, na hakuwa na uhakika kama amemwona. Meza haikumsaidia, yenyewe ilisema tu kiganja kimetambulika. Akampa, pamoja na magazini yake ya risasi kumi na tisa.

Gaudensi akaitundika begani. "Gari la mahakamani linaondoka saa ngapi?"

Mahakama ya wilaya ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye viti vya plastiki. Shigela Ntobi alisimama kizimbani, mwembamba, macho yamevimba. Kwenye kiti cha mbele aliketi mjane wa Lugendo, yule mrina asali aliyeuawa, mwanamke aitwaye Kalunde, amejifunga kaniki, na kila Shigela alipojaribu kumtazama, aligeuza uso ukutani.

Mashine ya mahakama ilisoma ushahidi: bunduki thelathini na nane, sifuri thelathini na nane. Hakimu Asnath Lukindo, mama wa miwani mizito, akauliza kama kuna lolote. Desderia akasimama. Afande Mdegela, aliyekuwa nyuma, akasema kwa sauti ya chini, "Kaa," lakini alisema kama mtu anayejua hatasikilizwa.

"Mheshimiwa Hakimu, mimi ni mtunza silaha wa Ilungwe. Shahidi wa bunduki namba kumi na saba hasikii. Mafuta ya cherehani niliyompaka yamemziba masikio."

"Mama, unaijua sheria. Mtu hapingi neno la shahidi."

"Simpingi, Mheshimiwa. Naomba shahidi aulizwe tena. Bunduki iko nje. Ipigwe mbele yako, kisha umuulize imepiga ngapi."

Mwendesha mashtaka akainuka kwa haraka, akasema hakuna kifungu, akasema usalama, akasema maombi huletwa kwa maandishi siku saba kabla. Hakimu alimsikiliza. Kisha akavua miwani, akamtazama Shigela kwa muda mrefu bila miwani, akasema, "Sheria inaniruhusu kumuuliza shahidi mara nyingi nitakavyo. Haisemi nimuulize nikiwa nimekaa."

Nyuma ya kituo cha polisi kulikuwa na tuta la mchanga ambako polisi walifanyia mazoezi ya shabaha. Wote walitoka: hakimu, karani amebeba mashine ya mahakama kifuani kama mtoto, polisi, Shigela na pingu zake, watu wa kijiji. Desderia alitoa magazini, akavuta komeo mara mbili, akaonyesha chemba tupu kwa yeyote anayetaka kuona. Kisha akaijaza na kumkabidhi Gaudensi, kwa kuwa kiganja chake tu ndicho kingeifungua.

Gaudensi alipiga risasi tatu kwenye mchanga. Watoto waliokuwa nje ya uzio walikimbia. Maganda matatu yalilala kwenye majani, bado yanafuka.

"Muulize," Hakimu akamwambia karani.

Karani akabonyeza. Mashine ikasema kwa sauti yake safi, kila mtu akasikia: "Bunduki kumi na saba. Risasi zilizopigwa leo: sifuri. Shahidi: mzima."

Hakimu aliinama, akaokota ganda moja, akaliachia upesi kwa kuwa lilikuwa la moto.

"Na Jumanne?" akamuuliza Gaudensi.

Desderia alijua Gaudensi angeweza kunyamaza. Jaribio lilithibitisha shahidi ni kiziwi. Halikuthibitisha nani alipiga nini siku ya Jumanne. Gaudensi naye alijua.

"Jumanne nilipiga moja, Mheshimiwa," akasema. "Nilimpiga marehemu Lugendo nikidhani ana silaha. Huyu bwana hana kosa."

Karani alijaribu kuingiza maneno hayo. Mashine ikagoma: ushahidi unapingana, rekodi haiwezi kufungwa. Akajaribu tena, jasho likimtoka. Hakimu Lukindo akanyoosha mkono, akaizima. "Tafuta karatasi," akasema. Ikachukua muda mrefu kupata karatasi, na muda mrefu zaidi kupata kalamu inayoandika.

Walipomfunga Gaudensi pingu, alimwita Desderia. "Mwambie Yasinta ni mimi mwenyewe nimesema. Asije akasikia kwa watu kwamba bunduki ndiyo iliyonisema."

"Nitamwambia."

Mdegela alimngoja karibu na gari. Hakufoka. "Nipe funguo za ghala," akasema, na alipopewa akazipima mkononi. "Makao makuu wameshapiga. Bunduki zote nchini zinasimamishwa mpaka zikaguliwe. Wewe umesimamishwa. Mimi kesho natuma watu thelathini na saba porini na virungu. Majangili watajua kabla ya jioni. Utakuja kwenye mazishi yao?"

"Nitakuja, Afande."

"Na wale waliofungwa kwa maneno ya hizo kumi na moja, utawahesabu wewe?"

Alitaka kujibu kwamba ndiyo, atawahesabu, mmoja mmoja, hata kama itachukua maisha yake yote yaliyobaki, lakini Mdegela alikuwa ameshageuka. Hakujisikia mwepesi. Alitegemea kitu fulani, angalau pumzi moja ndefu, na hakikuja.

Kalunde alikuwa amesimama mbele yake.

"Ni ninyi," mjane akasema.

"Ni sisi, mama."

"Siku sita. Siku sita nimemlaani mtu asiye na kosa. Mkewe alikuja kunisaidia matanga, nikamtupia vyombo vyake nje. Watoto wake walikuwa wanamwita mume wangu baba." Sauti yake haikupanda. "Mafuta ya cherehani?"

"Ndiyo, mama."

Kalunde alimtazama kama mtu anayesubiri maneno mengine.

Walikuwa wamemfungua Shigela. Alisimama katikati ya uwanja akisugua mikono, hajui aelekee wapi, na watu walimpisha kama mgonjwa. Kalunde akaenda kwake. Wakasimama, hatua mbili kati yao.

"Sikumzika," Shigela akasema. "Mmemlaza upande gani?"

"Kwenye mizinga yake. Ule upande wa mto."

"Ameelekea wapi?"

Kalunde akamshika mkono wa shati. "Twende nikakuonyeshe," akasema, na wakaondoka wote wawili kwa miguu, bila kungoja gari la mtu yeyote.